Siku Serikali Ilipoongea Kimaa

Si kweli. Na nitakwambia kwa nini si kweli, ila kaa kwanza, maana ukisimama hivyo na hicho kikombe cha chai nazidi kupandwa na hasira. Unasema yule madam alipoteza muda wa serikali kwa kuingiza mambo ya makabila kwenye kazi za ofisi. Umesema mbele ya mafundi wote hapa Ngarenaro, na wamecheka. Sawa. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika maiki.

Kazi yangu unaijua. Sikusomea spika chuo chochote. Nilijifunza kwa kufungua zilizokufa, nikichungulia nini kimeungua, nikiunga waya mpaka kitu kikohoe. Nilivyoanza kutengeneza za makanisa na za kampeni, idara ya maji ikaanza kuniita kwa kibarua. Nafunga spika mbili juu ya pikapu yao, dereva anatambaa, mimi natangaza. Maji yatakatika, natangaza. Mkutano wa hadhara, natangaza. Kuna mitaa hapa mjini watoto wanaijua sauti yangu, sura hawaijui.

Huyo madam alikuwa afisa maendeleo ya jamii wa idara. Mchaga, Mlutheri wa Kilimanjaro, nyumba yake iko Njiro, ya geti. Ukimwona kwa mbali unasema huyu hawezi kukanyaga tope. Lakini nikwambie kitu alichonifanyia, halafu uelewe kwa nini mtu akimsema vibaya mimi siwezi kunyamaza. Kabla yake, nilikuwa napewa karatasi ya tangazo pale getini kama mtu wa kuleta mkaa. Yeye akasema niingie kwenye vikao. Wenzake wakamshangaa. Akawaambia, "Huyu ndiye anayetukanwa barabarani. Mwacheni asikie tunavyoamua." Basi. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wake, na sitabadilika.

Sasa sikiliza jambo lenyewe.

Sisi watu wa mlimani tunajulikana kwa meno. Tazama yangu, ya kahawia, na napiga mswaki kuliko wewe. Ni maji. Maji ya Meru ukiyaangalia ni mazuri kabisa, ya baridi, yanatoka kwenye jiwe, lakini mengine yana floraidi nyingi. Kwa wengi ni meno tu, unacheka kwa kufunga mdomo, maisha yanaenda. Kwa mtoto inaweza kuingia mpaka kwenye mifupa. Dada yangu ameolewa juu ya Ngaramtoni, kule kwenye migomba na kahawa, na binti yake mdogo miguu ilikuwa imeanza kupinda. Akisimama, magoti yanatazama nje. Dada alimpeleka hospitali, akaambiwa ambadilishie maji mapema, mifupa ikishakomaa hivyo hakuna wa kuinyoosha.

Na maji ya kubadilisha yalikuwepo. Hicho ndicho kilichokuwa kinauma. Idara ilikuwa imejenga kioski pale kijijini, na ndani yake kuna chujio la mkaa wa mifupa, ndilo linaloshika ile floraidi. Bure kabisa, kwa majaribio. Na watu hawakwenda. Wanapita na ndoo mbele ya kioski, wanamsalimia mhudumu vizuri, wanaendelea mpaka kwenye chemchemi ya zamani. Dada yangu naye alikuwa anapita, kwa sababu kwenye ule mji maji yanaamuliwa na mama mkwe wake. Koko, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, ameshasema maji ya chujio hayaingii jikoni kwake. Unajua mji wa Kiarusha. Mke wa mtoto hawezi kuingiza ndoo ambayo mama mkwe ameikataa.

Halafu bosi wa idara akatoa neno. Kuna kijiji kingine kimeomba chujio. Kama mpaka masika inaingia hawa wa kwetu hawajahamia kwenye kioski, mtambo unang'olewa unapelekwa kule. Nilipomwambia dada, hakulia wala nini. Aliendelea kumenya ndizi. Akaniuliza tu, "Hayo matangazo yenu mnawatangazia akina nani?"

Swali zuri. Tangazo la kwanza lilikuwa la Kiswahili, na lilikuwa limeandikwa na injinia. Nilisoma kama lilivyo: wananchi mnatangaziwa kwamba maji ya chemchemi yana kiwango kikubwa cha madini ya floraidi na hayafai kwa matumizi ya binadamu. Unajua nilijibiwa nini barabarani? Mzee mmoja aliyekuwa na punda alisimamisha pikapu akauliza kama kwa maoni ya serikali yeye ni binadamu au siyo, maana ameyanywa tangu azaliwe. Dereva alicheka mpaka akazima gari. Mimi sikucheka.

Ndipo kikakaliwa hicho kikao unachokisema wewe. Unafikiri pale watu wanachagua lugha kwa kuamka tu na kusema? Tulikaa asubuhi nzima. Injinia alisema Kiswahili kinatosha, kila mtu kule anakijua, tatizo ni ubishi. Wa mipango alitaka bango la kioski liwe na Kiingereza juu, Kiswahili chini, kwa sababu wafadhili watakuja kupiga picha. Madam akamuuliza wafadhili watachota ndoo ngapi. Halafu yeye akaleta hoja yake: tutangaze kwa Kimaa, lugha ya Wamasai na yetu sisi Waarusha. Kwa hicho kijiji kimoja, tuone.

Bosi hakuwa mtu mbaya, nakwambia ukweli, hata kama siku ile nilitamani kumjibu. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema serikali yetu ilichagua Kiswahili ili asiwepo wa kusema hii ni serikali ya fulani. Leo ukitangaza kwa Kimaa upande huu wa mlima, kesho Wameru upande wa pili wanauliza Kimeru chao kiko wapi, na wana haki. Keshokutwa wafanyabiashara wa sokoni nao na Kichaga chao. Akamgeukia madam akamwambia kwa utani kwamba hapo ndipo anapopataka, tutangaziwe mpaka bei ya pombe ya mbege. Watu wakacheka, na madam akacheka. Lakini hakushuka. Akasema sheria inasema ofisi iandike kwa lugha gani. Mtoto wa mtu anapinda miguu, na hakuna sheria inayomzuia bibi yake kuambiwa kwa lugha ya nyumbani.

Mimi sikuwa nimemwambia kuhusu binti wa dada ili aseme kikaoni. Alikuwa ameliweka tu kichwani.

Bosi akakubali kwa sharti: kwa mdomo tu, lisiandikwe popote, na bango libaki la Kiswahili na Kiingereza. Akauliza nani atasema. Wote wakaniangalia. Mwarusha ni mimi, spika ni zangu, sauti ni yangu. Nani mwingine?

Basi siku ya soko Ngaramtoni nikapanda kwenye pikapu, tukaanzia sokoni, tukakunja kwenda juu. Nikasema yote kwa Kimaa, na nilisema vizuri. Acheni kunywa maji ya chemchemi. Njooni kwenye kioski. Maji yake yamepitishwa kwenye mifupa iliyochomwa, ni salama. Nilikuwa najisikia kinoma. Nilifikiri watu watatoka kwenye migomba na ndoo wakiimba.

Walitoka, ndiyo. Walitoka kuangalia. Wasichana walicheka wakajifunika midomo. Akina mama waliokuwa wamebeba majani ya ng'ombe walisimama, wakanitazama mpaka nikapita, hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono. Wazee waliokuwa kwenye benchi la duka waligeuza migongo. Nimeshatangaza kwenye mitaa ya walevi, nimerushiwa ganda la muwa, sijawahi kuona kimya kama kile. Na kesho yake mhudumu wa kioski akapiga simu: hata wale wawili watatu waliokuwa wanachota, hawajaja.

Pale ofisini ikawa sherehe. Injinia akasema aliwaambia. Wa mipango akasema alijua. Maneno yako wewe haya ya leo, kwamba alipoteza muda na mafuta ya gari, yalianzia pale kwenye korido. Nilitaka kumshika mtu shati. Madam akanivuta nje, akaniambia nisipigane na watu kwa ajili yake, nimpeleke kwa dada yangu.

Nikampeleka. Alivaa raba za kupandia mlima, na kitenge. Alitembea njia nzima anahema, ila hakuomba kupumzika.

Koko tulimkuta uani anachambua maharage. Dada akaleta viti, halafu akasimama mlangoni na binti yake mgongoni, kama mtu ambaye hayupo. Mimi nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa, nikingoja koko aniguse ndipo nisalimike. Hakunigusa. Aliniacha nimeinama pale na shingo yangu. Halafu akaniita layoni, mtoto ambaye hajatahiriwa, na mimi nina ndevu, akamuuliza dada kama huyu layoni aliyepita anawapigia kelele wakubwa kutoka juu ya gari ni ndugu yake kweli au walimwokota.

Nikamwambia koko, siyo mimi niliyesema, ni idara.

Na yeye akaniambia neno ambalo nimekaa nalo mpaka leo. Alilisema kwa Kimaa, taratibu, huku anatupa mawe ya maharage. "Ulipopita na Kiswahili, ilikuwa serikali inaongea. Serikali haina rika, haina mama, inaweza kunikataza chochote. Ulipopita na Kimaa ulikuwa wewe. Na wewe nakujua ni mtoto wa nani."

Umeelewa? Kwetu kijana hamwamrishi mkubwa kwa mbali. Unamfuata alipo, unainama, anakushika kichwa, anakusalimia kwa rika lako. Akina mama wana salamu yao, akina baba yao. Ukishamaliza kuulizana habari za mji na mifugo, ndipo unasema ulichotumwa. Mimi nilipita na spika mbili nawaambia wazazi wa watu acheni, njooni, bila kumsalimia hata mmoja. Kwa Kiswahili hilo ni tangazo. Kwa Kimaa ni utovu wa adabu wenye betri. Na katika kile kikao chote cha asubuhi nzima tulibishana ni lugha gani, hakuna aliyeuliza ni mdomo wa nani. Siyo madam peke yake. Wote, na mimi Mwarusha nikiwemo, nimekaa pale na soda.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, wewe unayecheka. Nilifungua mdomo nimtafsirie madam. Akaniwekea mkono begani. "Mwache amalize."

Nikamwambia lakini madam huelewi. Akasema, "Najua sielewi. Mwache amalize."

Koko akamtazama. Nadhani alikuwa anampima. Halafu akaanza kuongea, na aliongea, ndugu yangu. Aliongea na yeye, siyo na mimi. Alieleza alivyoletwa pale kama bibi harusi na kitu cha kwanza mama mkwe wake alichomwonyesha ni njia ya chemchemi. Alieleza nani amezika nini wapi. Alilalamika kuhusu kahawa, kuhusu barabara, kuhusu mbwa wa jirani. Jua lilihama kutoka kwenye ukuta mpaka kwenye banda. Madam alikaa vilevile, mikono mapajani, macho kwa koko. Hakuangalia simu. Hakutikisa kichwa kwa uongo kama wanavyofanya watu wa miradi. Koko alipocheka, hakujilazimisha kucheka. Alingoja tu. Mimi nilikuwa nawashwa, nataka kutafsiri, hasa alipofika mwishoni, kwa sababu nilianza kusikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia ofisini hata siku moja.

Halafu koko akafunika ungo wa maharage, akajifuta mikono, akasema kwa Kiswahili safi, kile cha mama aliyeuza ndizi sokoni nusu ya umri wake:

"Kwa kifupi, mwanangu, hiyo mifupa ni ya nani?"

Madam hakushtuka hata kidogo kusikia kumbe koko anajua Kiswahili. Akajibu, "Ya ng'ombe, mama. Inatoka machinjioni."

"Nani kaiona?"

Hapo mtu mwingine wa ofisi angesema tumeiona, ina cheti, imepimwa. Madam hakusema hivyo. "Mimi sijaiona," akasema. "Nimeambiwa."

Dada yangu pale mlangoni akavuta pumzi. Koko akakubali kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile akanigusa utosi, kama mtu anayekumbuka kufunga kuku.

Kumbe ndiyo hiyo ilikuwa inazunguka kijiji kizima, kwa Kimaa, majikoni, siku zote hizo. Watu walikuwa wanajua floraidi ni nini, wanaiona kwenye meno ya watoto wao. Hawakuwa wajinga. Walichokuwa wanauliza ni kwamba maji yanapitia mifupa iliyochomwa, na hakuna anayesema ya mnyama gani. Wengine wakasema punda. Wengine mbwa. Kuna waliosema neno baya zaidi ambalo sitalirudia hapa mbele ya chai ya watu. Na mimi na spika zangu, nilipotaja mifupa kwa lugha yao wenyewe, ndiyo nikawathibitishia.

Madam akamwambia koko, "Basi twende tukaione. Wote. Na mimi."

Bosi alipewa taarifa siku hiyohiyo. Akauliza hiyo safari inaingia kwenye fungu gani. Madam akasema mafuta atanunua yeye, na bosi akaona aibu, akatoa gari. Tulipanda pikapu akina mama kibao, koko mbele karibu na dereva, dada nyuma na binti yake, wakiimba nyimbo za kwaya mpaka nje ya mji ambako wale mafundi wanachoma mifupa kwenye tanuru la matofali. Kulikuwa na lundo kubwa linangoja kuchomwa. Jamaa mmoja akaanza kueleza nyuzi joto. Hakuna aliyemsikiliza. Akina mama walishalivamia lundo kama wako mnadani, wanachokoa kwa fimbo, wanabishana. Huu wa paja. Huu wa ndama. Nani kaweka mbuzi humu? Koko akaokota taya, akalipangusa kwa kidole, akalitazama meno. Akasema huyu alikuwa mzee, aliyemchinja amekula nyama ngumu. Wakacheka wote, na madam naye, safari hii alielewa, maana lilisemwa kwa Kiswahili kwa ajili yake.

Walipekua mpaka wakaridhika. Hakuna punda. Hakuna mbwa. Hakuna lile jambo jingine.

Mimi sikutangaza kitu baada ya hapo. Hawakunihitaji. Jumapili baada ya ibada akina mama walisimama nje ya kanisa wakaongea wenyewe, na katikati ya wiki mhudumu wa kioski alimpigia madam kumwambia foleni imefika barabarani. Dada yangu aliingiza ndoo yake jikoni, na koko akamsogezea sufuria. Chai yake mwenyewe, koko anapika kwa maji ya chemchemi mpaka leo. Anasema ya chujio haina ladha, na mifupa yake yeye imeshakomaa, wacha ile ya mtoto inyooke. Masika iliingia, chujio halikung'olewa. Binti bado anatembea kama anayepanda farasi, siwezi kukudanganya, lakini daktari amesema haijaendelea kupinda.

Na idara? Kilikaa kikao kingine. Bosi akauliza, haya, sasa tuandike lugha gani. Wa mipango akawa tayari ameandika Kimaa kwenye ubao, amepiga mstari chini. Madam akasimama akakifuta. Akasema spika iendelee na Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo sauti ya serikali na watu wameizoea kwa heshima zake. Ila kabla spika haijapanda gari, aende mtu wa idara akae chini, asikilize, kwa lugha yoyote ile mwenye mji anayotaka, mpaka mwisho. Akasema tunabishana serikali iongee lugha gani, hakuna kikao hata kimoja kilichouliza inasikiliza kwa lugha gani. Injinia akauliza, kwa upole safari hii, mtu atasikilizaje asichokielewa. Madam akamwambia atajua baadaye, kwanza asikilize.

Ikapita. Na unajua kwenye ripoti ya idara iliandikwaje? Nimeisoma mwenyewe. Lile jua lililohama ukutani, bibi harusi, mbwa wa jirani, taya, yote yale: "Wananchi walitoa maoni." Maneno matatu. Nilikasirika, nikaenda nayo mpaka mezani kwake. Madam akacheka, akasema ripoti haijawahi kunywesha mtoto maji, niache.

Huyo ndiye unayesema alipoteza muda wa serikali. Sasa weka hicho kikombe chini uniambie: wewe mara ya mwisho kukaa ukamsikiliza mtu kwa lugha usiyoijua, mpaka akamaliza mwenyewe, ilikuwa lini?